Saa ya Wakati Halisi au Saa ya Betri?

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kubeba teknolojia umekwama mlangoni. Tangu Jambo OpenOffice ilipotolewa Dar es Salaam mnamo 2004, tumejivunia menyu na vitufe vilivyoswahilishwa. Yanayotendeka ndani ya mashine tumewaachia wengine. Makala haya yanadai kwamba istilahi haiwezi kuundwa na mtu asiyejua kitu chenyewe kinafanya kazi gani.

Chukua chipu ndogo iitwayo DS1307, ambayo mafundi huiunganisha na vichakataji vilivyopachikwa ndani ya vifaa. Kwa kufuata jina lake la Kiingereza, wengi wetu tungeiita “saa ya wakati halisi”. Hiyo ni tafsiri sisisi, tena inapotosha. Je, saa nyingine huonyesha wakati wa uongo? Isitoshe, Kiingereza chenyewe hutumia maneno hayohayo kwa dhana nyingine kabisa, yaani mifumo ambayo sharti itoe jibu kabla ya muda uliowekwa kwisha. Tukitafsiri maneno matupu tutarithi utata usio wetu.

Hebu tuitazame kazi yake. Ndani ya mashine mna saa mbili. Ya kwanza huhesabiwa na kiini cha mfumo endeshi, nayo hufa umeme unapokatika. Ya pili ndiyo chipu yetu: ina betri yake, na fuwele inayotetema mara 32,768 kwa sekunde. Idadi hiyo ikigawanywa kwa mbili mara kumi na tano, hubaki mpigo mmoja kwa kila sekunde. Mashine inapowashwa, kiini huiuliza chipu ni saa ngapi. Hata hivyo, hakiwezi kuuliza bila programu ya kuwapatanisha, ambayo ndiyo kiendeshi. Katika Linux, anayesanidi hana budi kukieleza kiini chipu ni ya aina gani, anwani yake ni ipi (0x68), na kwamba saa ya mfumo ichukuliwe kwake mapema. Kiendeshi kisipokuwapo, mashine nyingi huamka zikidhani ni Januari 1, 1970, kisha zikakataa vyeti vya usalama vya tovuti kwa madai kwamba muda wake haujaanza.

Kwa mwenye kuyajua hayo, jina linajileta lenyewe: saa ya betri. Mshairi akipenda aseme saa isiyolala. Sisi tunaridhika na la kwanza, maana hata fundi wa redio mtaani ataling'amua.

Kuna jambo jingine, dogo lakini tamu. Chipu hiyo kwa kawaida huwekwa wakati wa Greenwich. Inapohifadhi 04, saa ya ukutani Nairobi huonyesha 07, naye Mswahili husema saa moja asubuhi. Kiini hakijali, ubadilishaji hufanywa mwishoni, wakati wa kumwonyesha mtumiaji. Hivyo hakuna kizuizi cha kiufundi kinachoizuia simu kuandika “saa moja”.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii ni ya wahandisi. Lakini mhandisi hakusomea ngeli wala uambishaji, nasi hatukusomea fuwele. Tunapendekeza kozi ya istilahi imtake kila mwanafunzi aketi na fundi mmoja na kifaa kimoja, akifungue, akieleze kwa Kiswahili mpaka fundi akubali, ndipo aunde neno. DS1307 ina miguu minane tu. Inatosha kwa somo la kwanza.