Vipaji vya Eastlands vyapotelea njiani kabla ya kufika timu ya taifa

Matokeo ya timu ya taifa ya soka ya vijana wasiozidi umri wa miaka 20, Rising Stars, nchini Misri mnamo Mei 2025 yalipokelewa jijini Nairobi kwa hisia mbili zinazokinzana. Ilikuwa mara ya kwanza Kenya kufuzu kwa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za umri huo, na hilo lilishangiliwa. Hata hivyo, vijana wa kocha Salim Babu walirejea na pointi moja pekee, baada ya kulazwa 3-2 na Morocco, kuchapwa 3-1 na Tunisia na kutoka sare ya 2-2 na Nigeria.

Pointi moja ni mavuno hafifu. Lakini Morocco hao hao walifika fainali ya mashindano hayo, na Oktoba mwaka huo huo wakatwaa Kombe la Dunia la umri huo nchini Chile kwa kuwalaza Argentina 2-0. Kenya, kwa maneno mengine, ilipitwa kwa bao moja tu na timu ambayo miezi mitano baadaye ilikuwa bingwa wa dunia. Timu isiyo na vipaji haifungi mabao matano katika kundi la namna hiyo. Timu isiyo na malezi ya kutosha ndiyo inayofungwa manane.

Tofauti hiyo kati ya kipaji na malezi ndiyo kiini cha rekodi ya vijana wa Kenya kimataifa, na hakuna mahali inapoonekana waziwazi kuliko mitaa ya Eastlands.

Rekodi yenyewe si ya kujivunia. Mwaka wa 2019, vijana wa Kenya walifika fainali ya Baraza la Soka la Afrika Mashariki na Kati (Cecafa) mjini Gulu, Uganda, wakanyamazishwa na Tanzania 1-0. Mnamo Desemba 2023, timu ya wasiozidi umri wa miaka 18 ilifika fainali mjini Kisumu, mbele ya mashabiki wa nyumbani, na Uganda ikaondoka na kombe. Oktoba 2024 jijini Dar es Salaam, Rising Stars waliwatandika Burundi 4-0 katika nusu fainali, kisha wakalala tena kwa Tanzania, safari hii 2-1. Fainali hiyo ndiyo iliyowapa tiketi ya Misri, kwani timu zote mbili za fainali zilifuzu.

Majirani wamesonga mbele. Burundi, nchi ndogo iliyokuwa katikati ya vita, ilicheza Kombe la Dunia la vijana nchini Qatar mwaka wa 1995. Rwanda ilipeleka wavulana wasiozidi umri wa miaka 17 nchini Mexico mwaka wa 2011. Uganda ilifika fainali ya Afrika ya wasiozidi miaka 20 nchini Mauritania mwaka wa 2021, na mwaka wa 2025 wavulana wake wa miaka 17 waliwaduwaza Ufaransa 1-0 katika Kombe la Dunia nchini Qatar. Wavulana wa Kenya hawajawahi kucheza Kombe la Dunia la umri wowote.

Ni vigumu kueleza hali hiyo kwa mtu aliyewahi kusimama kando ya uwanja wa Umeme mtaani Ziwani mwezi wa Desemba, wakati wa mashindano ya Koth Biro. Jina hilo ni la Kijaluo na maana yake ni kwamba mvua inakuja, na kwa kweli huja mara nyingi, uwanja ukageuka matope na mchezo ukaendelea. Wachezaji wa ligi kuu waliomaliza msimu huvaa jezi za mitaa yao na kukabana na vijana wasio na klabu yoyote. Mashabiki hujipanga hadi kwenye mstari wenyewe, kiasi kwamba winga hukimbia akiwapisha watu kama vile anampisha beki. Si ajabu kijana wa miaka 17 kumvisha kanzu beki anayelipwa mshahara, umati mzima ukamwimba, na Jumatatu akarudi kusukuma mkokoteni Gikomba.

Mitaa hiyo haikuanza jana. Kuanzia Pumwani hadi Shauri Moyo, Kaloleni, Bahati, Maringo na Jericho, ilijengwa enzi za ukoloni kuwahifadhi wafanyakazi Waafrika wa reli, viwanda na manispaa. Vyumba vilikuwa vidogo, lakini mingi ilipangwa ikiwa na ukumbi wa jamii na uwanja wa kuchezea. Kaloleni bado ina ukumbi wake mashuhuri na nyasi zilizouzunguka. Huko ndiko soka ya Nairobi ilikolelewa, na uwanja wa City ulio kando ya barabara ya Jogoo, ambao baadaye ulipewa jina la nyota wa zamani Joe Kadenge, ulikuwa kama sebule ya Eastlands nzima.

Mitaa iliyofuata haikuwa na bahati hiyo. Umoja, Kayole, Dandora na Huruma zilijaa watu kwa kasi kuliko mpangilio, na nafasi zilizoachwa wazi kwenye ramani ziligeuka kuwa vibanda, makanisa, maegesho ya magari na ghorofa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 jijini Nairobi, na mtoto wa Huruma anaweza kutembea mwendo mrefu kabla ya kupata eneo la wazi la kutosha kuweka magoli mawili. Sasa mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu umefika Shauri Moyo na Makongeni. Nyumba zinahitajika, hakuna anayebisha. Linalofaa kuulizwa ni iwapo michoro ya majengo hayo marefu imeweka nafasi ya mpira, au watoto wataambiwa wacheze kwenye ngazi.

Uwanja hufinyanga mchezaji. Kijana aliyekua kwenye udongo mgumu na mwembamba hujifunza kuutuliza mpira kwa haraka, kupiga pasi fupi na kupenya kati ya miguu ya watu watatu. Hajifunzi kubadilisha upande wa mchezo kwa pasi ya mita 40, wala kulinda nafasi kubwa nyuma yake. Akifika kwenye nyasi pana za kimataifa, maarifa hayo ndiyo anayodaiwa. Uwanja wa Camp Toyoyo mtaani Jericho, uliowekwa nyasi bandia, umesaidia, lakini uwanja mmoja hauwezi kuwalea watoto wa Eastlands yote.

Hata hivyo, uhaba wa viwanja pekee hautoshi kuwa maelezo, kwa sababu miaka ya nyuma Eastlands ilitoa wachezaji katika hali ngumu vilevile.

Mwaka wa 1987, raia wa Canada Bob Munro alisaidia kuanzisha chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA. Timu za watoto zilipata pointi za ligi si kwa kushinda mechi tu bali pia kwa kuzoa taka mtaani, na kanuni hiyo ikavutia macho ya ulimwengu. Watoto wa Mathare wakawa wageni wa kawaida wa mashindano ya Norway Cup jijini Oslo, ambako walirejea na vikombe mara kadhaa. Mwaka wa 1994 chama hicho kilizaa klabu ya Mathare United, iliyotwaa Moi Golden Cup mwaka wa 1998 kabla hata haijaingia ligi kuu, na ubingwa wa ligi kuu mwaka wa 2008.

Katika klabu hiyo alipitia Dennis Oliech, aliyeuzwa Al-Arabi ya Qatar mwaka wa 2003 na mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 19, akaifungia Harambee Stars katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Tunisia. Johanna Omolo alitoka Dandora hadi Ubelgiji. Muthurwa, kwenye lango la Eastlands, ilitoa ndugu wawili: McDonald Mariga, aliyekuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa Klabu Bingwa Ulaya mwaka wa 2010, na Victor Wanyama, aliyewafunga Barcelona akiwa na Celtic mnamo Novemba 2012.

Wanyama alichezea timu ya taifa ya wakubwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2007 akiwa na umri wa miaka 15. Watu husimulia jambo hilo kama sifa, na ni sifa kwake. Kwa nchi, ni dalili ya ngazi iliyokosa vidato. Mtoto wa miaka 15 angestahili miaka mitano ya mashindano na wenzake wa Ghana, Mali na Misri kabla ya kukabidhiwa jezi ya wakubwa. Wachache wenye uwezo wa ajabu huruka pengo hilo. Wale ambao wangekuwa wazuri, si wa ajabu, huanguka ndani yake, na timu za taifa hujengwa zaidi na watu wa aina hiyo.

Jambo jingine katika maisha ya Wanyama lisisahaulike: alisomea Kamukunji, shule ya sekondari iliyokuwa na jina kubwa katika soka na iliyokuwa pale pale Eastlands. Leo njia hiyo ya shule imehamia mbali na jiji.

Ushahidi bora ni wasichana. Mnamo Juni 2024, timu ya wasichana wasiozidi umri wa miaka 17, Junior Starlets, iliibandua Burundi kwa jumla ya mabao 5-0 na kuwa timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufuzu kwa Kombe la Dunia la FIFA. Katika Jamhuri ya Dominika, vidosho hao wa kocha Mildred Cheche walishindwa 2-0 na Uingereza na 3-0 na Korea Kaskazini, walioibuka mabingwa, kisha wakawalaza Mexico 2-1. Sehemu kubwa ya kikosi hicho ilitoka katika shule za sekondari za magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa.

Kwa wavulana pia, mlinzi Amos Wanjala na mshambuliaji Aldrine Kibet, waliokuwa Misri, walitoka shule ya wavulana ya St Anthony's mjini Kitale kabla ya kupata nafasi katika akademia ya Nàstic nchini Uhispania.

Siri ya shule hizo haina miujiza. Mwanafunzi wa bweni hula mara tatu kwa siku, hufanya mazoezi na wenzake wale wale kwa miaka minne, ana mashindano kila mwaka kuanzia kata hadi taifa na hata Afrika Mashariki, na stakabadhi zake ziko ofisini kwa mwalimu mkuu. Wasaka vipaji wanajua wamtafute wapi na lini. Kijana wa Mathare ana mechi nyingi kuliko yeye, pengine na ujuzi zaidi wa mpira, lakini hana hata kimoja kati ya hivyo vingine.

Suala la stakabadhi hupuuzwa sana. FIFA ilianza kutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la wasiozidi miaka 17 nchini Nigeria mwaka wa 2009, na tangu hapo udanganyifu wa umri umekuwa hatari kwa timu nzima. Mkufunzi mwenye siku chache za kuandaa kikosi hawezi kungoja familia ya mtaa wa mabanda ihangaike kutafuta cheti cha kuzaliwa ili hatimaye pasipoti ipatikane. Humwita yule ambaye karatasi zake ziko tayari. Hawezi kulaumiwa, lakini mlango umefungwa.

Wapo wanaosema hakuna hasara katika hayo yote: mradi Kenya inafuzu, mchezaji atoke Kitale au Kariobangi ni mamoja, na ni haki soka itoke mikononi mwa jiji. Hoja hiyo ina uzito, na hakika kikosi cha Misri hakikukosa vijana wa Nairobi. Ila shule ya bweni ina karo. Kipaji cha Eastlands kinapolazimika kupata mfadhili wa karo mbali na nyumbani ndipo kionekane, taifa linachagua kati ya waliobahatika tu, kisha linashangaa kufungwa katika dakika za mwisho na waliochagua kati ya wote.

Viongozi nao wameongeza chumvi kwenye kidonda. Serikali ilipovunja uongozi wa Shirikisho la Soka la Kenya (FKF) mnamo Novemba 2021, FIFA iliisimamisha Kenya kuanzia Februari hadi Novemba 2022. Wakati huo mashindano ya Cecafa ya kufuzu ya wasiozidi miaka 17 yalifanyika Ethiopia na ya wasiozidi miaka 20 yakafanyika Sudan. Mtu mzima akikosa mwaka mmoja wa mashindano husubiri unaofuata. Kijana wa miaka 17 akiukosa, umri wake umekwisha, na hakuna rufaa inayoweza kumrudishia.

FKF ilipata viongozi wapya Desemba 2024, Hussein Mohamed akiwa rais na Mariga makamu wake. Kwa mara moja, ofisi hizo zina mtu anayeijua Muthurwa bila kuonyeshwa kwenye ramani. Kinachohitajika si cha gharama ya kutisha: waangalizi wa kudumu katika Koth Biro na ligi za MYSA, usajili wa umri unaoanza mtoto akiwa na miaka 12, na mapatano na shule za kutwa za Eastlands ili mchezaji asilazimike kuhama jiji. Ni kidogo sana kikilinganishwa na fedha zinazomwagwa katika matayarisho ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, ambalo Kenya ilipewa kuandaa pamoja na Tanzania na Uganda.

Watakaostahili kuchezea timu ya wasiozidi umri wa miaka 20 mwaka wa 2029 ni wale waliozaliwa kuanzia 2009. Hao si watoto wa kusubiriwa. Wako Kayole, Dandora, Korogocho na Bahati, na kila Jumamosi wanacheza. Kwa wengi wao, daftari la kocha wa mtaa, lenye majina yaliyoandikwa kwa kalamu na mengine yaliyokatwa, ndilo rekodi pekee ya soka yao.