ALIYEPUNGUZWA KAZI ASITOZWE KODI KWA AKIBA YAKE

Ndugu wanachama,

Sisi tuandikao haya ni watu wa reli, wazaliwa wa Takaba, katika Kaunti ya Mandera. Gari la moshi halijafika kwetu hata siku moja. Tuliifuata kazi mbali, tukawaacha wazee na ngamia nyumbani. Basi neno la pensheni kwetu si la mtu mmoja. Mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022, mifugo ilikufa, na macho ya jamaa wote yakamgeukia yule mwenye mshahara au mwenye pensheni.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sheria ya kodi iliyoanza tarehe 27 Desemba 2024 ilifanya jambo jema. Mtu akifika umri wa kustaafu, akiba yake katika mfuko wa pensheni uliosajiliwa haitozwi kodi. Aliyeacha kazi kwa ugonjwa kabla ya umri huo, naye hatozwi. Na aliyekuwa mwanachama wa mfuko kwa miaka 20, naye pia. Twashukuru.

Lakini someni tena, ndugu. Je, aliyepunguzwa kazi yuko wapi hapo? Hayumo.

Tuseme mtu aliingia kazini na umri wa miaka 22, akapunguzwa akiwa na 36. Ametumika miaka 14. Hakuiba, hakulewa kazini. Aliitwa ofisini, akapewa barua. Akitoa akiba yake, kodi inamngoja. Sisi wa reli twalijua jambo hili. Mwaka 2006, reli ilipokabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways, maelfu ya wenzetu walipoteza kazi. Mwaka 2017 kampuni ile ikaondoka. Reli ilirudi mikononi mwa Serikali, lakini wale wenzetu hawakurudishiwa miaka yao.

Wakubwa hujibu hivi: kodi hii yamzuia mtu asile akiba yake kabla ya uzee. Maneno hayo yamfaa mtu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Aliyepunguzwa hakuchagua. Watoto wake wadai karo mwezi huu, hawawezi kungoja mpaka baba afike miaka 60. Ikiwa sheria yamhurumia aliyetolewa kazini na ugonjwa, mbona haimhurumii aliyetolewa na barua? Wote wawili hawakupenda.

Jambo la pili. Mtu huyu hakai bure. Alikuwa karani wa hesabu, basi aenda kuandika vitabu vya hesabu vya wakandarasi. Au alikuwa mpima, basi apima viwanja. Hapo sheria yamwita mtoa huduma za kitaalamu. Malipo ya namna hiyo yakifika shilingi 24,000 kwa mwezi, mlipaji hukata asilimia 5 kwanza na kuipeleka kwa Mamlaka ya Mapato. Tupige hesabu. Amepata kazi tano kwa mwaka, kila moja ya shilingi 40,000. Jumla ni 200,000. Zimekatwa 10,000. Na mtu mwenye 200,000 tu kwa mwaka, akishapewa nafuu yake ya kila mwezi, hadaiwi kodi hata senti! Fedha hizo si za Serikali, ni zake. Lakini ili azipate lazima ajaze fomu za mtandao, aombe, kisha angoje. Akiwa Takaba, mtandao ukikatika, nani atamsaidia? Wengi huziacha. Huo si ukusanyaji wa kodi, ni kumchosha maskini mpaka asamehe haki yake.

Msiseme haya yamekwisha kuamuliwa. Mwaka 2020 Muswada wa Fedha ulitaka kuondoa msamaha wa kodi kwa pensheni za wazee wa miaka 65 na zaidi. Watu walipiga kelele, na Wabunge wakalikataa neno hilo. Mwaka 2024 muswada mzima uliondolewa, lakini baada ya vijana kumwaga damu barabarani. Sisi hatutaki damu. Twataka maneno yetu yasikiwe mapema. Katiba, katika vifungu vya 118 na 201, yasema wananchi washirikishwe katika kazi za Bunge na katika mambo ya fedha. Muswada hufika Bungeni kabla ya Aprili kwisha, na sheria hupitishwa kabla ya Juni kwisha. Nafasi ni miezi miwili tu.

Basi twadai haya matatu:

1. Aliyepunguzwa kazi ahesabiwe sawa na aliyetolewa na ugonjwa, akiba yake isitozwe kodi.

2. Kiwango cha shilingi 24,000 kipandishwe, mtu mdogo asikatwe kodi asiyodaiwa.

3. Maoni yasikilizwe pia Takaba na Mandera, kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, si Nairobi peke yake.

Kila tawi liandike barua, na kila mwanachama atie sahihi. Usiseme, "Mimi bado nina kazi." Aliyepewa barua jana, juzi alisema hivyo hivyo.

Umoja ni nguvu.

Sisi wenzenu wa reli, wazaliwa wa Takaba