Majabali Yetu Si Kokoto Tu

Kila siku mabasi yaendayo Mwanza hupita Singida. Abiria hushuka, hununua kuku na chupa ya asali, kisha hupanda tena wakaenda zao. Ukimwuliza mmoja wao ameona nini hapa, atakujibu: upepo na mawe. Ndugu zetu, kosa hilo si la abiria. Ni letu wenyewe.

Mji wetu una maziwa mawili, Singidani na Kindai. Kando ya Singidani, ambalo maji yake ni ya chumvi, majabali makubwa yamepandana kama magunia ya uwele ghalani, na heroe hutua majini. Watu hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kutazama vitu kama hivi. Sisi twavisikia vikigongwa nyundo. Hatumlaumu hata kidogo mama apondaye kokoto apate sare ya mtoto. Njaa haingoji mkutano. Twasema tu kwamba jabali lililopondwa huuzwa mara moja likaisha, na lile lililosimama laweza kumlisha mwenye mtumbwi, mpishi na kijana aongozaye wageni, mwaka baada ya mwaka.

Na historia je? Uwanja wa mpira uliokuwa Namfua sasa waitwa Liti. Waulizeni vijana wapigao kelele majukwaani, Liti ni nani? Alikuwa mwanamke wa Kinyaturu aliyesimama kuwapinga Wadachi katika miaka ya kuelekea 1908, na wazee husimulia kuwa aliwapelekea makundi ya nyuki. Mwandishi wa maneno haya alimaliza chuo cha ualimu pasipo kulisikia jina hilo darasani hata siku moja.

Huko Iramba, dhahabu ya Sekenke ndiyo Wadachi waliyoifua Tabora mwaka 1916, vita vilipowabana, kuwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Watunza sarafu wa ng'ambo hushindania kuzinunua. Ni wangapi kati yetu tushukao mteremko wa Sekenke tujuao habari hiyo? Mkalama nako lipo boma la Wadachi, na katika nchi ya Wanyisanzu imo michoro ya kale miambani.

Basi kazi ianze matawini, tusingoje wakubwa. Walimu wawapeleke watoto Mkalama kwa miguu yao. Wazee wasimulie, vijana waandike, kwa Kinyaturu, Kinyiramba na Kiswahili. Halmashauri nazo ziyatenge majabali ya kando ya ziwa yasiguswe, ila kwanza wapondaji waonyeshwe machimbo mengine mbali na maji. Kuwafukuza bure hatutakubali. Kila tawi lituletee kwa maandishi orodha ya mahali pake, na jina la mzee ajuaye habari zake, kabla ya mavuno ya alizeti.