Mageuzi ya Jiji Yaanzie kwa Wanavijiji

Wakazi wa mitaa ya mabanda jijini Nairobi hujiita wanavijiji. Mimi nifundishaye isimu naiona hoja katika neno hilo: kijiji kina majirani na baraza, ilhali mabanda ni majengo tu, na majengo hubomolewa. Si ajabu basi kwamba chama walichokiunda mwaka 1996 kupinga ubomoaji kiliitwa Muungano wa Wanavijiji.

Mnamo Agosti 2017, Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango. Wakazi walijipanga kwa makundi ya nyumba kumi kumi, wakateua wawakilishi, wakajadili barabara, maji na vyoo. Hata hivyo, Novemba 2021 matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga ili kupisha barabara, na maelfu ya watu wakaachwa bila makao.

Funzo ni kwamba kushauriwa pasipo kulindwa hakutoshi. Wala hakuna ushauri wa kweli iwapo hati zenyewe zimeandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya 2010 inadai ushirikishwaji wa wananchi, na Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi. Kwa hivyo, kila mpango wa mtaa uandikwe kwa Kiswahili, usomwe barazani, na usibadilishwe kabla ya wakazi kurudiwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanaokilalia ndio wa kuulizwa kwanza.