Kicheko cha John Prine, Tarishi wa Maywood

John Prine, mtunzi na mwimbaji wa nyimbo za kiasili za gitaa, alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1946 katika mji wa Maywood, kitongoji cha wafanyakazi wa viwandani magharibi ya Chicago. Wazazi wake walikuwa wahamiaji waliotoka kaunti ya Muhlenberg, magharibi ya Kentucky, wakiufuata mshahara wa kiwanda kama walivyofanya watu wengi wa kusini wa kizazi chao. Baba alikuwa fundi wa vyuma na kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Nyumbani alipenda nyimbo za Hank Williams kuliko kitu kingine chochote. Kiangazi kilipofika familia ilirudi Kentucky, kwenye kijiji cha Paradise kando ya Mto Green, na mtoto akakua na masikio mawili, moja la mjini na moja la shamba. Kaka yake David alimfundisha gitaa akiwa na miaka 14. Baadaye alijifunza kidogo katika Old Town School of Folk Music, shule ya Chicago inayowafundisha muziki watu wa kawaida, wakiwamo wale wasiotaraji kamwe kupanda jukwaani.

Prine hutajwa mara nyingi kuwa mwimbaji wa kuchekesha, na ndivyo alivyokuwa. Neno hilo hata hivyo halina heshima kubwa popote. Mchekeshaji hukaribishwa harusini, akamaliza kazi yake, akapewa sahani ya pilau, na mambo yanayoitwa ya maana huachiwa wengine. Waswahili nao wana onyo lao, kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Onyo hilo ni la kweli, ila linasahau kwamba lipo jipu linalopaswa kutumbuliwa, na kwamba mwenye jipu hamruhusu kila mtu kuligusa. Nyimbo za Prine zinastahili kuchunguzwa kwa sababu hiyo hasa: alipata ruhusa ya kugusa mahali ambapo wahubiri na wanasiasa walifukuzwa.

Alipomaliza shule aliingia posta. Vita vya Vietnam vilipopamba moto aliitwa jeshini, na kwa bahati akapelekwa Ujerumani Magharibi kuwa makanika wa magari. Aliporudi aliushika tena mkoba wa barua. Kazi ya tarishi ni ya miguu na kimya. Yeye mwenyewe aliifananisha na kukaa katika maktaba isiyo na vitabu. Akishaijua njia yake, miguu ilijiendea na kichwa kikabaki huru kutunga. Katika baridi ya Chicago, ambayo upepo wake hukata kama wembe, alikuwa akijiingiza ndani ya sanduku kubwa la chuma la posta lililowekwa pembeni mwa barabara, akala mkate wake humo hadi mwili upate joto. Tungo zilizokuja kusifiwa na wakubwa wa muziki zilianzia katika mazingira hayo, na wale wanaolalamika kwamba hawana studio wala nafasi ya kutunga wangefaa kulikumbuka sanduku lile.

Posta ilimpa zaidi ya muda. Jarida la Reader's Digest lilipotoa toleo lenye kibandiko cha bendera ya taifa, Prine alikuwa miongoni mwa matarishi waliolibeba mlango kwa mlango. Siku chache baadaye aliona bendera zimebandikwa kila mahali. Akatunga Your Flag Decal Won't Get You into Heaven Anymore, kisa cha mtu aliyejaza vibandiko kwenye kioo cha gari hata asiione njia, akagonga, akafa, na kufika kwenye lango la mbinguni akaambiwa kumeshajaa. Mwaka 1970 taifa la Marekani lilikuwa limegawanyika vibaya juu ya vita. Hotuba ya kupinga vita ingewafurahisha waliokwisha kuvipinga na kuwakasirisha waliobaki. Wimbo huu haukumwambia mtu kwamba haipendi nchi yake. Ulicheka tabia ambayo kila mtu alikuwa ameiona kwa jirani, na pengine kwenye dirisha lake mwenyewe, na aliyecheka alikuwa ameshakiri nusu ya hoja kabla hajatambua kwamba kuna hoja.

Utani, kama wajuavyo wenye watani, una kibali chake. Mgeni akimtania mwenye nyumba ametukana. Mtani akisema maneno yaleyale amefanya haki yake. Prine alikuwa na kibali. Alikuwa amevaa sare ya jeshi, alikuwa mtoto wa fundi wa kiwandani, na aliwapelekea barua watu walewale aliowaimba. Hapa ndipo wanapojikwaa waigizaji na waimbaji wengi wanaotaka kuchekesha: huwacheka watu wasiowafahamu, maskini, wazee, watu wa bara, na kicheko chao hutoka juu kikishuka chini. Mtunzi anayetaka kuchekesha na aanze kwa kujiuliza kama ana ukaribu wa kutosha na hao anaotaka kuwacheka.

Namna alivyopanda jukwaani inachekesha nayo. Mwaka 1969, katika kilabu kidogo cha Chicago kiitwacho Fifth Peg, alikuwa ameketi akinung'unika juu ya udhaifu wa waimbaji, mpaka mtu mmoja akamtaka aende yeye basi. Akaenda. Nyimbo alizoimba zilikuwa pamoja na Sam Stone, Hello in There na Paradise. Zilipokwisha ukumbi ulinyamaza kimya, akadhani ameharibu, kisha makofi yakaja. Mwaka uliofuata Roger Ebert, mhakiki wa filamu wa gazeti la Chicago Sun-Times, alimsikia akiimba na kuandika makala ya kumsifu tarishi mwimbaji. Mwaka 1971 rafiki yake Steve Goodman, naye mtunzi hodari wa Chicago, alimleta mwimbaji Kris Kristofferson kumsikiliza usiku wa manane, viti vikiwa vimeshapandishwa juu ya meza. Kristofferson alimtaka arudie nyimbo zote. Baadaye, alipokuwa akitumbuiza New York, alimwita jukwaani. Jerry Wexler wa kampuni ya santuri ya Atlantic alikuwapo, na mkataba ukapatikana upesi.

Santuri ya kwanza, iliyoitwa kwa jina lake tu, ilitoka mwaka 1971. Ilirekodiwa karibu yote mjini Memphis chini ya usimamizi wa Arif Mardin. Picha ya jalada inamwonyesha amekaa juu ya marobota ya majani makavu, kana kwamba ni mkulima. Kijana huyo wa kitongoji cha Chicago alikuwa hajawahi kukalia robota maishani mwake. Nyimbo ni 13, na mpangilio wake ni somo. Mbili za mwanzo ni za kuchekesha. Ya tatu, Hello in There, inahusu upweke wa wazee. Ya nne, Sam Stone, inahusu askari aliyerudi kutoka vitani akiwa mtumwa wa dawa za kulevya, na watoto wake wanavyomtazama. Msikilizaji amekwisha kufungua mlango kwa kicheko, na mara anakuta aliyeingia si mchekeshaji peke yake. Zingetangulia nyimbo za msiba, wengi wangeugeuza uso.

Hello in There ina asili yake. Akiwa kijana, Prine alimsaidia rafiki kugawa magazeti katika nyumba ya kutunzia wazee, na aliona jinsi baadhi yao walivyomshika maongezi kama ndugu aliyekuja kuwatembelea. Wimbo ulipopendwa, mwenzake mmoja alimshauri atunge mwingine wa wazee. Akaona ameshayasema hayo, akatunga badala yake juu ya mwanamke wa umri wa kati anayejiona mzee kuliko miaka yake, ndoa yake ikiwa imepoa na jiko likiwa limejaa nzi. Huo ndio Angel from Montgomery, ambao Bonnie Raitt aliuimba mwaka 1974 na kuufanya maarufu kuliko mtunzi wake. Ajabu ni kwamba wimbo unaoanza kwa nafsi ya kwanza ya mwanamke mtu mzima ulitungwa na mwanamume ambaye hajafika miaka 25, na wanawake hawakuona kasoro. Aliwahi kusikiliza. Hakuna maelezo mengine.

Kuhusu Paradise, kijiji cha wazazi wake, hakuna utani mwingi. Makaa ya mawe yalichimbwa kwa mashine kubwa zinazokwangua uso wa ardhi, kituo cha umeme kikajengwa jirani, na mwaka 1967 kijiji kilikuwa kimekwisha. Prine aliutunga wimbo kwa ajili ya baba yake. Alipoleta nyumbani kanda ya kurekodia, mzee aliondoka akaenda kukaa gizani katika chumba cha pili wakati wimbo ukipigwa. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba alitaka ajifanye anausikia kwenye mashine ya muziki ya baa. Mzee huyo alifariki mwaka huohuo wa 1971, kabla ya kuiona sifa ya mwanawe.

Miaka ya 1970 iliyobaki haikuwa sawasawa. Magazeti yalimbandika jina la Bob Dylan mpya, mzigo uliowaangusha wengi. Sweet Revenge ya mwaka 1973 ina Please Don't Bury Me, wimbo wa marehemu anayekataa kuzikwa na kugawa viungo vyake kimoja kimoja kwa wenye haja, mzaha ambao watani wa msibani wangeuelewa bila mkalimani. Common Sense ya mwaka 1975 ni nzito na maneno yake hayafunguki kirahisi. Alirudi katika hali yake mwaka 1978 kwa Bruised Orange, iliyosimamiwa na Goodman. Wawili hao walikuwa wametunga pamoja You Never Even Called Me by My Name, dhihaka juu ya nyimbo za kantri. Prine alikataa jina lake liandikwe, akihofia kuwaudhi watu wa kantri, na mwaka 1975 David Allan Coe akaufanya uvume. Goodman alikufa kwa saratani ya damu mwaka 1984.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Prine aliachana na kampuni kubwa. Pamoja na meneja wake Al Bunetta alianzisha Oh Boy Records, na wasikilizaji wakatuma fedha kwa posta kununua santuri ambayo ilikuwa bado haijatengenezwa. Tarishi wa zamani sasa aliletewa barua yeye. Wapo waliodhani ni kujizika akiwa hai, kwani kampuni ndogo haina nguvu za kusukuma nyimbo redioni. Ilichukua muda, lakini albamu ya The Missing Years ya mwaka 1991, iliyosimamiwa na Howie Epstein na kushirikisha sauti za Bruce Springsteen, Tom Petty na Bonnie Raitt, ilipata tuzo ya Grammy ya muziki wa kiasili wa kisasa. Wasanii wanaolia kwamba wameibiwa haki zao wana la kujifunza hapa, ingawa ni sharti wajue pia bei yake: miaka ya kuzunguka kumbi ndogo ndogo, mwaka baada ya mwaka, bila jina kwenye chati.

Mwaka 1998 aligunduliwa kuwa na saratani shingoni. Upasuaji uliondoa nyama za upande mmoja na kuathiri mishipa ya fahamu ya ulimi, kisha ikafuata tiba ya mionzi. Sauti ikarudi nzito, yenye mikwaruzo. Ilimbidi ashushe ufunguo wa karibu kila wimbo, na akasema kwamba kwa kufanya hivyo nyimbo za zamani zilimwia mpya. Mwaka 1999 ikatoka In Spite of Ourselves, albamu ya kuimbiana na wanawake. Wimbo uliobeba jina hilo, alioimba na Iris DeMent, ni wa mume na mke wanaoanikana kasoro zote, hata za chumbani, na mwisho wasikilizaji hawana shaka kwamba hao wawili hawataachana. Nyimbo za mapenzi zinazojaa asali pekee zingepata nguvu kama zingetiwa chumvi ya namna hiyo.

Fair & Square ya mwaka 2005 ilimletea Grammy nyingine. Mwaka huohuo Ted Kooser, malenga wa taifa, alimwalika Maktaba ya Bunge la Marekani, heshima ambayo mtunzi wa nyimbo alikuwa hajapewa kabla. Hakuwa mtu wa haraka. Alikiri kwamba akiitwa kwenda kula soseji aliiacha kalamu bila majuto. Ilibidi mkewe Fiona, mzaliwa wa Ireland, amfungie hotelini Nashville na magitaa yake na maboksi ya tungo ambazo hazijakamilika, ndipo ikapatikana The Tree of Forgiveness ya mwaka 2018, iliyofika nafasi ya 5 kwenye chati ya Billboard. Wakati huo sehemu ya pafu lake ilikuwa imekwisha kukatwa, mwaka 2013, kwa saratani nyingine. Wimbo wa mwisho wa albamu hiyo unapanga starehe atakazozifanya peponi, na mojawapo ni sigara, kitu alichokatazwa na madaktari miaka 20.

Prine alifariki mjini Nashville tarehe 7 Aprili 2020 kwa maradhi ya Uviko-19, akiwa na miaka 73, miezi michache baada ya kutunukiwa Grammy ya heshima ya maisha yake yote. Jimbo la Illinois lilimtangaza malenga wake wa heshima, na wimbo wake wa mwisho kurekodiwa, I Remember Everything, ulipata tuzo mbili za Grammy mwaka 2021. Nusu ya majivu yake ilizikwa Chicago kando ya wazazi wake. Nusu nyingine ilimwagwa katika Mto Green, kama alivyoagiza katika wimbo wa Paradise alipokuwa bado tarishi.