Mpe Kwanza Imla ya Kiswahili

Kila Januari, katika makundi ya WhatsApp ya wazazi wanaosomesha watoto nyumbani, swali ni lilelile: mwanangu anashindwa na tahajia, nimnunulie mtaala upi? Majibu humiminika. Huyu anasifu vitabu vya Marekani, yule vya Uingereza, wa tatu anapendekeza programu ya kulipia kila mwezi. Saa moja haijaisha, mzazi ameshapewa majina manane na bei nane. Hakuna aliyeuliza mtoto anakosea nini. Hakuna aliyeuliza anakosea katika lugha gani.

Kwa wengi wetu, neno tahajia lina maana moja tu: tahajia ya Kiingereza. Kiswahili hakihesabiwi. Tena mtaala wa kigeni ukishaingia nyumbani, Kiswahili ndicho somo la kwanza kuachwa, kwa sababu boksi lililotoka ng'ambo halikuwa nacho. Mimi nasema tunaanzia mwisho. Mtoto wa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam anayeshindwa kuandika maneno ya Kiingereza apewe kwanza imla ya Kiswahili. Kabla ya hapo mzazi hajui ananunua dawa ya ugonjwa gani, na muuza mitaala hana haja ya kumwambia.

Tumtazame kwanza mshtakiwa halisi. Tahajia ya Kiingereza ni stoo ya vitu vya kale ambayo hakuna aliyewahi kuifagia. Herufi k katika knight ilitamkwa zamani. Sauti ikafa, herufi ikabaki. Herufi b katika debt haikuwahi kutamkwa na Mwingereza yeyote: neno liliingia kutoka Kifaransa bila b, kisha wasomi wakaichomeka ili lifanane na Kilatini. Herufi s ya island nayo ilitiwa kwa kudhani neno hilo lina ukoo na neno la Kilatini la kisiwa, ilhali halina. William Caxton alipoanzisha uchapaji Uingereza mwaka 1476, irabu za lugha hiyo zilikuwa katika mabadiliko makubwa yaliyoendelea kwa vizazi kadhaa. Vitabu vikashika maandishi ya zamani, midomo ikaenda zake. Ndiyo maana though, through, tough na cough zina mwisho mmoja kwenye karatasi na minne mdomoni.

Kiswahili kilikuwa na bahati ya kuchelewa. Kwa karne nyingi kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo alama zake tatu za irabu zilipata shida kubeba irabu zetu tano. Maandishi yake ya Kilatini yalisanifishwa juzi tu: mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi, na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaendeleza kazi hiyo. Ilikuwa kazi ya wakoloni na wamishenari, na walichokitaka ni vitabu vya shule na lugha ya utawala. Hawakuwa wakiwafikiria wajukuu zetu. Hata hivyo walituachia maandishi ambayo mtoto akishazijua irabu tano na silabi zake, anaweza kuandika neno ambalo hajawahi kuliona. Yana upungufu wake. Hayaonyeshi tofauti ya paa wa porini na paa la nyumba, ambayo mzee wa Pwani huisikia wazi, wala mkazo unaotenganisha barabara ya magari na kazi iliyofanywa barabara. Lakini upungufu huo humsumbua anayesoma. Anayeandika haumgusi.

Mwaka 2003 watafiti Seymour, Aro na Erskine walichapisha ulinganisho wa watoto wanaoanza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Mwisho wa mwaka wa kwanza wa shule, watoto wa Ufini na wa nchi nyingine ambazo maandishi yake hufuata sauti walisoma sawasawa zaidi ya asilimia 90 ya maneno ya kawaida waliyopewa. Watoto wa Uskoti, waliojifunza kwa Kiingereza, walipata asilimia 34. Watafiti walizingatia umri wa kuanza shule na ujuzi wa herufi, na hayo hayakutosha kueleza pengo hilo. Na hapo ni kusoma tu, kazi ambayo ni rahisi kuliko kuandika. Tena hao ni watoto ambao Kiingereza ndiyo lugha ya mama zao. Wetu tunawapa kazi hiyohiyo kwa lugha ya pili au ya tatu, kisha wakichelewa tunawaita wazito.

Dada yangu alimtoa mwanawe shuleni akiwa na miaka tisa. Mwalimu wake alizoea kusoma alama za imla mbele ya darasa, akianzia za chini, na mtoto akawa anaumwa tumbo kila Ijumaa, siku ya imla. Dada akaweka mitaala mitatu mezani, akaniita nimsaidie kuchagua. Niliomba karatasi na penseli, nikamwita mtoto.

"Mama mdogo, ni imla?" Sauti ilikuwa imeshashuka.

Nikamwambia ni imla, ya Kiswahili, na haina alama. Katika maneno 20 aliandika 17 sawasawa, yakiwemo mwanamke, nyanya na kuchomoza. Aliyokosea ni haya: ng'ombe bila ritifaa, gala badala ya ghala, thahabu badala ya dhahabu. Moja ni la alama. Mawili ni ya sauti ambazo nyumbani kwao hakuna anayezitenganisha akizungumza. Kisha nikamsomea maneno kumi ya Kiingereza. Because aliliandika bikoz. Said likawa sed. Enough likawa inaf.

Litazame hilo inaf. Kila sauti imo, na kila moja iko mahali pake. Mtoto amesikia neno, amelikata vipande, amekipa kila kipande herufi yake. Hiyo ndiyo kazi nzima ya tahajia, na ameifanya bila kosa, kwa kanuni za lugha inayoshika kanuni zake. Kichwa chake hakina tatizo. Alichokosa ni habari: hakuna aliyemwambia kwamba Kiingereza kina kanuni nyingine, nyingi, zenye mpangilio fulani na historia yake, na kwamba hujifunzwa kidogokidogo. Badala yake alipewa orodha ya maneno kila Jumatatu akariri, na aibu kila Ijumaa.

Mwaka huohuo jirani yao alileta binti yake wa miaka kumi. Alama zake za Kiingereza zilifanana kabisa na za mtoto wa dada. Kwenye Kiswahili njia zao zikaachana. Msichana alikuwa mschana, kalamu ikawa kamalu, dada akageuka baba. Dakika kumi zilipita akiwa ameandika maneno sita. Shule yake ilikuwa imemwambia mama kwamba Kiingereza cha binti ni dhaifu, naye akawa ananunua Kiingereza zaidi: vitabu, kanda, mwalimu wa Jumamosi. Binti huyu alihitaji kupimwa macho na masikio, kisha aonwe na mtaalamu wa matatizo ya kusoma. Alihitaji pia kurudishwa kwenye sauti na silabi, polepole, katika lugha ambayo haitamdanganya wakati anajifunza.

Watoto wawili, alama zilezile, na mtaala uleule ungeuzwa kwa wote wawili. Karatasi moja ya Kiswahili iliwatenganisha.

Najua jibu la haraka: basi disleksia ni ugonjwa wa Kiingereza, sisi haituhusu. Sikusema hivyo, na ni uongo wa hatari. Mwaka 2001 Paulesu na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu wazima wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Wakiwa wanasoma, ubongo wao ulionyesha upungufu wa aina moja katika sehemu ileile. Ila Waitalia, ambao maandishi yao ni manyoofu kama yetu, walisoma vizuri kuliko wenzao. Kwa hiyo lugha nyoofu haiponyi, inapunguza mzigo. Kwa Kiswahili mtoto mwenye disleksia anaweza kuandika maneno mengi sawasawa na bado akawa msomaji wa pole mno, anayechoka baada ya aya moja. Mzazi asiangalie makosa peke yake. Aangalie na saa. Na imla ya mezani si kipimo cha daktari. Inamwonyesha mzazi upande wa kuelekea, basi.

Pingamizi la pili hutoka kwa wenzangu, vijana wa vyuo vikuu tuliolelewa kwa Kiingereza: mtihani utakuwa kwa Kiingereza, kwa nini nipoteze muda? Kwa sababu ufundi wa kukata neno katika sauti hujifunzwa mara moja. Aliyeupata kwenye ma, me, mi, mo, mu anakwenda nao popote. Aliyeukosa hatausaidiwa na mtihani.

La tatu ndilo linalouma: mtoto wangu hajui Kiswahili. Anaishi Kilimani, anazungumza Kiingereza na mamake, na Kiswahili kidogo na dada wa kazi. Basi imla hiyo haitakufaa, na usimpe. Lakini jiulize ilikuwaje mtoto akazaliwa kati ya mamilioni ya wasemaji wa lugha yenye maandishi mepesi kiasi hiki, kisha wazazi wakamfungia mlango huo, wakaagiza ufunguo wa mlango mgumu kutoka ng'ambo. Tuliamini Kiswahili kitamchanganya. Kilichomchanganya ni though na tough.

Sasa, mtaala. Nimeahidi kubishana na swali, sijakataa kulijibu. Mtoto aliyevuka imla ya Kiswahili bado atahitaji kufundishwa Kiingereza, na mitaala haifanani.

Kataa wowote unaopanga maneno kwa mada. Orodha ya wiki yenye kitchen, spoon, sugar na knife inapendeza kwenye picha, ila haina kanuni hata moja ya kujifunza. Tafuta unaofundisha mwandiko mmoja wa sauti kwa wakati mmoja, wenye maneno machache yanayoufuata, na unaorudia ya mwezi uliopita. Njia ya Samuel Orton na Anna Gillingham, iliyokua Marekani katika miaka ya 1930, ilijengwa hivyo: kwa mpangilio, huku mtoto akisikia, akitamka, akiona na kuandika kwa pamoja. Mitaala mingi ya leo inadai kuifuata. Fungua kurasa uone mpangilio wenyewe.

Chagua unaoeleza maana na ukoo wa maneno. Mtoto akionyeshwa kwamba sign ni ndugu wa signature, ile g isiyotamkwa inapata sababu. Akiona two, twin na twelve zimekaa pamoja, w haitampotea tena. Angalia pia ni Kiingereza cha wapi. Noah Webster aliwapa Wamarekani color na center katika kamusi zake, na mtoto atakayefanya mtihani wa Kenya atatakiwa aandike colour na centre.

Halafu kuna jambo ambalo sijaliona limeandikwa kwenye jalada la mtaala wowote. Mitaala hii humwambia mtoto asikilize sauti ndipo achague herufi. Inachukulia kwamba anasikia ship na sheep kuwa maneno mawili, na bad, bud na bird kuwa matatu. Katika Kiingereza cha wengi wetu, chenye irabu tano za nyumbani, ship na sheep hulingana, na yale matatu yanakaribia kuwa moja. Mtoto atasikiliza kwa bidii na atakosea kwa haki. Kwa hiyo mzazi asitegemee sauti ya kitabu. Amweleze mtoto waziwazi: sisi twasema hivi, wao husikia viwili, na herufi zinafuata wao. Dakika tano za maelezo hayo zina thamani kuliko kanda iliyorekodiwa Texas.

Mwisho, tenganisha tahajia na utunzi. Dakika 15 kwa siku za tahajia zinatosha. Baada ya hapo mtoto aandike hadithi yake kama anavyoweza, na kalamu nyekundu ikae kwenye droo. Anayekatwa alama kwa kila neno huacha kuandika enormous, akaandika big maisha yake yote.

Vitabu vya kuanzia havina gharama ya kutisha. Tanzania ilitoa mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu kwa darasa la kwanza na la pili mwaka 2015, na Kenya ilianza mpango wa Tusome mwaka huohuo, kwa Kiswahili na Kiingereza pamoja. Vitabu vya namna hiyo havina rangi za kuvutia kama vya ng'ambo, na ukivitaja kwenye kundi la wazazi hakuna atakayekusifu. Nadhani hapo ndipo penye kiini cha ugomvi huu. Tunanunua mtaala wa bei kubwa ili tuonekane tumehangaika, huku mtoto akiendelea kuamini kwamba hana akili.

Imani hiyo haifutiki kwa mtaala. Mtoto akishaijenga akiwa na miaka tisa, ataikuta kila mahali: kwenye barua ya kazi, kwenye fomu ya benki, kwenye ujumbe anaoufuta mara tatu kabla ya kuutuma. Kumwonyesha kwamba sikio lake ni zima na mkono wake unalitii kunahitaji karatasi moja, penseli moja na maneno 20 ya lugha anayoisikia dukani kila siku. Fanya hivyo kesho asubuhi, kabla hujamlipa mtu yeyote.