Bustani ya Umma Si Kiwanja Kisicho na Mwenyewe

Huku Shianda, kaunti ya Kakamega, ukitaja pesa za kaunti kutumika kwenye bustani ya umma, utajibiwa kabla hujafunga kinywa. Utaambiwa barabara za vijijini hazipitiki mvua ikinyesha, wakulima wa miwa wamechoka, na bustani ni starehe ya watu wa mjini. Wanaosema hivyo ni watu wenye shida za kweli, kwa hiyo wanastahili kujibiwa hoja kwa hoja.

Wanasema kwanza kwamba bustani ni ardhi iliyokaa bure, na afadhali ijengwe kitu cha maana. Hoja hii ni kongwe. Mwaka 1989 chama tawala cha KANU kilitaka kusimamisha jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi, liwe makao yake makuu na ya gazeti lake la Kenya Times. Bustani hiyo ilikuwa imefunguliwa na Mzee Kenyatta mwaka 1969. Mwanamazingira Wangari Maathai akaandika barua kwa kila aliyedhani anaweza kusikia. Wabunge walimsimanga, na shirika lake la Green Belt likatimuliwa kutoka ofisi ya serikali liliyokuwa likiitumia. Hakurudi nyuma. Wafadhili wa kigeni walijitoa, na mwaka 1992 ua uliokuwa umezungushiwa sehemu ile ukang'olewa.

Sasa tazama yaliyofuata kwenye nyasi hizo hizo. Tarehe 28 Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi kwenye kona moja ya bustani wakakataa kula mpaka watoto wao waachiliwe. Wengi wao walikuwa wanawake wa makamo na wazee waliotoka mashambani, hawana ofisi mjini, hawana jamaa serikalini. Watu walianza kumiminika kuwasikiliza na kusimulia mateso yao wenyewe. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa virungu na mabomu ya machozi. Baadhi ya akina mama walivua nguo mbele ya askari, laana nzito katika jamii nyingi za Kiafrika. Maathai alipigwa hadi akazirai. Akina mama wakahamia kanisa la All Saints lililo jirani, wakakaa humo takriban mwaka mzima, na mwaka 1993 wafungwa wengi wakawa nje. Kona ile inaitwa Freedom Corner hadi leo. Hapo Uhuru Park ndipo Mwai Kibaki alipoapishwa tarehe 30 Desemba 2002, na ndipo Katiba ilipozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Mtu akiniambia ardhi ile ilikuwa imekaa bure, namuuliza akina mama wale wangeketi wapi. Kwenye ngazi za mnara wa KANU?

Hoja ya pili hutolewa kwa sauti ya chini: bustani ni mahali pa uasherati na wavivu. Hapa Kakamega hoja hii ina jina, Muliro Gardens, kwa sababu ya picha za wapenzi zilizosambazwa mitandaoni zaidi ya miaka 10 iliyopita. Tangu hapo bustani nzima imegeuzwa kichekesho cha taifa. Inaniuma, kwa sababu imepewa jina la Masinde Muliro. Mnamo Agosti 1991 yeye, Jaramogi Oginga Odinga, Martin Shikuku wa Butere na wenzao 3 walitangaza FORD, vuguvugu la kudai vyama vingi. Walikuwa 6 tu kwa kusudi: sheria ya wakati ule ilidai kundi la watu 10 au zaidi lisajiliwe. Muliro alifariki Agosti 1992 baada ya kutua Nairobi akitokea London, miezi michache kabla ya uchaguzi wa vyama vingi alioupigania. Huyu ndiye ambaye jina lake limefanywa la kuchekea, na kosa si la nyasi.

Na hao wanaoitwa wavivu ni nani? Fikiria mtu wa Shianda aliyepanda matatu alfajiri kwenda Kakamega kufuatilia hati ya shamba, akaambiwa arudi saa nane mchana. Hotelini ataketi akinunua chai, na chai ya pili, kisha ataulizwa kama anaongeza kitu. Bustanini haulizwi. Yupo pia aliyekuja kumwona mgonjwa na saa za kuwaona hazijafika, na mwanafunzi anayesoma kwa sababu chumbani kwake hakuna mwanga. Penye tabia mbaya, dawa ni taa, askari na watu wengi wema kupatumia. Msitu wa Karura jijini Nairobi uliogopwa kwa ujambazi hadi miaka ya 2000. Ulipozungushiwa ua na wakazi wakaanza kuusimamia pamoja na Huduma ya Misitu, familia zikajaa humo na baiskeli za watoto.

Eti bustani ni mambo ya wazungu? City Park ya Nairobi kweli ilianzia enzi za ukoloni. Lakini Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, alizikwa hapo mwaka 1990, karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto aliyeuawa mwaka 1965. Na sisi wenyewe, Khayega na Malinya, watu hukusanyika uwanjani kutazama fahali wakipigana. Uwanja wa wote tulikuwa nao.

Kuna wanaosema tuna Msitu wa Kakamega na miti tele. Msitu ni hifadhi. Upande wa Buyangu ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985, na si mahali pa mtoto kuchezea mpira. Mti wa shambani ni wa mwenye shamba. Mashamba yetu nayo yanagawanywa kila baba anapofariki.

Imebaki hoja ya pesa, na hii naiheshimu. Mwaka ambao kaunti italazimika kuchagua kati ya dawa na mabenchi, inunue dawa. Lakini gharama kubwa ya bustani ni ardhi, na ardhi ya umma ikishauzwa ni vigumu kuikomboa. Kifungu cha 62 cha Katiba kinaweka ardhi ya umma ya namna hii mikononi mwa kaunti kwa niaba yetu, si kwa ajili ya rafiki wa mkubwa fulani.

Shianda inakua, na ploti kando ya barabara zinazidi kupanda bei. Kikao kijacho cha maoni ya bajeti, njooni tuulize mambo mawili: hati ya Muliro Gardens iko wapi, na ni kipande kipi cha ardhi ya umma hapa kwetu kitakachopimwa, kiwekewe mipaka na kiandikishwe kuwa cha wote kabla hakijapata mnunuzi.